Namna ya Kukarabati Vyuma vya Sitaha Bila Kuusumbua Uozo Ulio Chini Yake

Hongera kwa kupata kidau. Labda umekinunua kwa mgeni aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao, labda umeachiwa badala ya deni ulilokuwa umeshalikatia tamaa. Vyovyote iwavyo sasa ni chako, kimelala kifudifudi chini ya mvinje na kuku wametaga kivulini mwake. Aliyekuuzia alikuhakikishia kwamba chombo ni kizima, ila kuna "vyuma viwili vitatu vya kubadilisha": kapi lililopasuka, kishikio cha kamba kilichong'oka upande mmoja, bawaba ya usukani inayocheza. Mwongozo huu unahusu vyuma hivyo viwili vitatu, basi. Ukiufuata kwa uaminifu utaweza kuvibadilisha kila mwaka, maisha yako yote, bila kusumbuliwa na swali la kwa nini vinang'oka.

Tuchukue mfano wa Mirror, kwa kuwa hakuna kidau kinachofaa zaidi kwa mafunzo haya. Kilibuniwa Uingereza mwaka 1962 na Jack Holt, mbunifu wa vyombo vya tanga, akishirikiana na Barry Bucknell, mtu wa televisheni aliyewafundisha Waingereza kujifanyia useremala majumbani mwao. Gazeti la Daily Mirror ndilo lililodhamini, ndiyo maana kidau kikapewa jina hilo na matanga yakawa mekundu. Mnunuzi aliletewa vipande vya plaiwudi vilivyokwisha kukatwa. Alivishona kwa waya wa shaba nyekundu, akabandika utepe wa faiba na gundi juu ya maungio, akakata ncha za waya, na chombo kikawa chombo. Zaidi ya 70,000 viliundwa, vingi vyao na watu wa kawaida katika gereji zao. Aliyesikia habari za mtepe wa Lamu, ulioshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, hatashangazwa na ushonaji huo. Tofauti ni kwamba mtepe uliundwa na mafundi, na Mirror ikaundwa na karani wa benki siku za Jumapili.

Jambo hili lina faida kubwa kwako. Kwa kuwa kidau kilikusudiwa kiundwe na mtu asiyejua kuunda, kila skrubu iliyopinda utakayoikuta humo ni kumbukumbu ya kihistoria, na kumbukumbu haziguswi.

Vipimo vyake ni vya unyenyekevu. Urefu ni mita 3.3, ganda tupu lina kilo 45 hivi, na plaiwudi yake ni nyembamba, milimita 5. Pua ni butu. Mlingoti ni mfupi, na juu yake hupandishwa boriti ya tanga inayosimama karibu wima, ambayo mzee yeyote wa mashua ataiona kuwa ni foromali iliyokosa adabu. Ubavuni, omo na tezi kuna matangi ya hewa, vyumba vilivyofungwa ili kidau kikipinduka kisizame. Yakumbuke matangi hayo. Humo ndimo kazi yako halisi inamokungoja, na shabaha ya mwongozo huu ni kukuzuia usiifikie.

Anza na ukaguzi. Ukaguzi hufanywa kwa macho, kutoka mbali, jua likiwa nyuma yako. Wapo watakaokushauri ushike mpini wa bisibisi ugonge sitaha taratibu kuzunguka kila chuma: mbao nzima hutoa mlio mkavu, mbao iliyooza hutoa mlio mzito uliozibika. Usifanye hivyo. Sitaha ikishakujibu, huwezi tena kujifanya hukusikia. Wala usichome ncha ya msumari pembeni ya skrubu, kwa sababu ikizama kama kwenye ndizi mbivu itakubidi uwaeleze watu nyumbani. Michirizi ya kutu inayoteremka kutoka kwenye kishikio ipake rangi. Weusi ulioenea ndani ya plaiwudi kuzunguka tundu upake vanishi, tena vanishi nzito, maana inaupendeza.

Kuna nadharia, ambayo mwongozo huu unaipinga kwa nguvu zote, kwamba chuma cha sitaha haking'oki chenyewe. Wanaoishikilia wanasema skrubu hulegea kidogo, maji yakapata njia, yakaingia kwenye tundu, na tundu la plaiwudi huyanywa vizuri kuliko uso wake kwa sababu hapo nyuzi za mbao zimekatwa na midomo yao iko wazi. Kutoka hapo maji husafiri ndani ya matabaka, au hudondokea kwenye tangi la hewa lililo chini, ambako kuna giza, joto na unyevu usiokauka. Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msemo huo ulitungwa kwa ajili ya wanadamu, lakini maji nayo yaliusikia. Kuvu wa mbao wakishakaa, skrubu inabaki imesimama katika kitu ambacho zamani kilikuwa mbao, na siku upepo ukivuma inatoka nzima nzima, na uzi wake umejaa unga wa kahawia.

Watu hao hao wanadai kwamba maji ya mvua huozesha kuliko maji ya bahari, kwa sababu chumvi huwachelewesha kuvu. Kwa hesabu yao, kidau kinachotumika kila wiki hudumu kuliko kile kilichohifadhiwa kwa heshima uani, chali, kikijaa mvua ya masika yote. Ni dai la kweli, kwa bahati mbaya, lakini wewe umeshakinunulia turubai kwa jirani na huna haja ya kulitandika.

Tuje kwenye kufungua. Mtu asiye na haraka angetia mafuta ya kulegeza kutu jioni akaenda kulala. Asubuhi angepasha kichwa cha skrubu moto kwa ncha ya pasi ya kulehemu mpaka gundi na rangi ya zamani vilegee. Angechagua bisibisi inayojaza ufa wote wa kichwa, akaiegemea kwa uzito wa mwili, akakaza nukta moja kwanza kabla ya kulegeza. Saa nzima ingepita kwa skrubu nne. Wewe una nyundo.

Skrubu kuukuu za shaba ya njano zinastahili neno lao. Shaba hiyo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na bahari huila zinki kwanza. Kinachobaki kina rangi ya waridi na umbo la skrubu, na nguvu haimo. Ukiiona rangi hiyo, furahi: itakatika shingoni mara utakapoigusa, nusu yake ikabaki ndani ya mbao, na chuma kipya utakisogeza pembeni kidogo utoboe tundu jingine. Baada ya miaka michache ya ukarabati wa namna hii sitaha itakuwa na matundu ya kutosha kuchujia nazi.

Sasa twende dukani. Kama uko Dar es Salaam utaishia Kariakoo au Gerezani, ambako kila kitu kinapatikana isipokuwa kile ulichokiandika kwenye karatasi. Omba skrubu za stenlesi. Muuzaji atachomoa sumaku mfukoni, kwa fahari ya mtu mwenye maabara.

"Ona mwenyewe, kaka. Haishiki. Orijino hii."

"Ni daraja la 316?"

"Ni orijino, bosi."

Mwamini. Stenlesi ya 304 ina chromiamu na nikeli, ile ya 316 imeongezewa molibdenamu asilimia 2 au 3, nayo ndiyo inayoipa uvumilivu wa chumvi. Sumaku haizitofautishi, kwa kawaida haishiki hii wala ile. Ile ya 304 inang'aa vilevile ikiwa dukani, na dukani ndiko unakoinunulia.

Ubora wa stenlesi ni kwamba inajua kuficha aibu. Haipati kutu kwa kuwa chromiamu iliyomo, ikikutana na hewa, hujifunika ngozi nyembamba isiyoonekana. Ngozi ikikwaruzwa hewa huirudisha. Lakini palipotuama maji yasiyo na hewa, yaani hasa ndani ya unene wa sitaha inayovuja, ngozi hairudi na chuma huliwa kimyakimya. Matokeo ni bolti inayong'aa kichwani, inayong'aa kwenye nati, na katikati imebaki nusu. Vibati vinavyoshika waya za mlingoti hufa hivyo hivyo. Mwenye chombo anavisugua kwa kitambaa kila Ijumaa, wageni wanavisifu, na siku vinapokatika, mlingoti unalala baharini huku vichwa vya bolti bado vikimeremeta.

Kama mlingoti wako ni wa alumini, funga vyuma vya stenlesi moja kwa moja juu yake bila kuweka kitu katikati. Metali mbili za tabia tofauti zikilowa maji ya chumvi hufanya umeme mdogo, na katika ndoa hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukivimba kuzunguka ribiti. Upake rangi. Mwenye wasiwasi angetia utomvu maalumu wa kutenganisha, au hata kipande cha plastiki ngumu, lakini tulikubaliana tangu mwanzo kwamba huu si mwongozo wa wenye wasiwasi.

Ukirudi pwani na mfuko wako utalikuta baraza limeshakaa. Kila kidau kinachokarabatiwa hadharani kina baraza lake: mzee aliyewahi kufanya kazi melini, kijana wa bodaboda anayengoja abiria, na mmoja aliyetazama video. Hawa ni watu wa thamani kubwa. Aliyetoka melini atasema tundu lililolegea lijazwe njiti za kiberiti. Wa bodaboda atasema weka skrubu nene zaidi, "hiyo ndogo inakuonea tu." Wa video ataleta bondo ya magari. Atatokea wa nne mwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Ushauri wote huu unafanya kazi, na utaendelea kufanya kazi mpaka kidau kitakapoingia majini. Skrubu nene hupasua plaiwudi iliyokwisha kulegea, njiti hunywa maji kuliko mbao yenyewe, na bondo, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya mlango wa gari, hufyonza unyevu na kubanduka ikiwa imebeba rangi yako yote.

Mtu mmoja wa kumwepuka ni fundi mzee wa mashua. Utamtambua kwa ukimya wake. Hajiungi na baraza. Anapita, anasimama, anaweka kiganja juu ya sitaha, anakibonyeza.

"Mwanangu, chuma chako hakina kosa."

"Sasa mbona kimeng'oka, mzee?"

"Kosa la tundu."

Mzee huyo ni hatari kwa bajeti. Ameunda mashua tangu ujana kwa kanuni moja: hapigi msumari kabla ya kutoboa njia yake kwa keke, na haupigi mtupu. Chini ya kichwa cha msumari anazungusha pamba iliyolowekwa mafuta, ili kichwa kikikaa, pamba ibanwe na maji yakose pa kupita. Hajasoma maandishi ya kiwanda chochote cha gundi, lakini maandishi yote ya viwanda yanasema alichosema yeye, kwa maneno mengi zaidi. Toboa tundu la zamani liwe pana. Kwangua uozo mpaka ufike kwenye mbao inayokupinga. Acha pakauke, na kukauka kwa plaiwudi iliyolowa ni suala la wiki kadhaa jua likiwa kali. Ziba chini kwa utepe, jaza epoksi iliyokorogwa na vumbi laini la mbao, ngoja igande, kisha toboa tundu jipya dogo katikati ya epoksi hiyo. Hapo bolti haigusani na mbao hata kidogo, na hata ikivuja, maji yanakuta ukuta. Kama sehemu iliyooza ni pana kuliko kiganja, kata plaiwudi yote hiyo uunge kipande kipya.

Unaona sasa kwa nini nilikuonya. Ulikuja na skrubu nne, unaondoka na msumeno.

Ikiwa umeshaingia mtegoni mwa epoksi, angalau itumie vibaya. Changanya kikombe kizima saa saba mchana, mwezi wa Februari. Epoksi hutoa joto lake yenyewe inapoganda, na joto hilo, likiwa limebanwa kwenye kikombe kirefu, huharakisha mgando, ambao huzidisha joto. Hupita dakika chache, kikombe kinatoa moshi na baraza linasogea nyuma. Ukitaka igande haraka zaidi, ongeza kigandisho kuliko kipimo. Mbinu hii huharakisha resini ya kawaida ya faiba, lakini kwa epoksi huzaa kitu kinachonata hadi kiama, maana kila tone la kigandisho lilihesabiwa liungane na kiasi chake cha resini. Wanaochanganya kidogo kidogo, alfajiri, wakamimina kwenye sahani bapa ili joto litoke, wanakosa burudani yote hii.

Suala la kufunga nati upande wa ndani litakuletea kishawishi kingine. Plaiwudi ya milimita 5 haina nyama ya kuishika skrubu. Panapotakiwa nguvu panahitaji bolti, na chini yake kibao cha kuegemea, kipana kuliko chuma chenyewe, ili mvuto ugawanyike. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake juu ya tanga huwa mara nne. Kishikio kilichotulia kwa upepo wa asubuhi kitaombwa, kusi la Julai likichacha, kishike kitu kingine kabisa. Ila huwezi kufikisha mkono ndani ya tangi la hewa lililofungwa. Ingekubidi ukate tundu la duara, uweke kidirisha cha kuzungushwa chenye kifuniko, na kupitia hapo ungeweza kufunga nati, kulianika tangi kila baada ya safari, na kuona kila kinachoendelea humo. Kidirisha kimoja tu na siri yote ya chombo iko nje. Skrubu fupi zinatosha.

Kuziba, tumia silikoni ya bafuni. Inauzwa kila duka, inanukia siki na usafi. Haishikamani vizuri na mbao iliyolowa, lakini hiyo si sababu kuu ya kuichagua. Sababu kuu ni kwamba huacha mafuta yasiyoonekana, na mahali ilipopita, rangi wala gundi haitashika vizuri tena, hivyo atakayekuja baada yako atakukumbuka. Ukiishiwa, chukua ile gundi nzito ya poliyurethani ya kudumu milele, ambayo siku ya kuondoa chuma hutoka na tabaka la juu la sitaha. Polisalfaidi au utepe wa butili vinafaa, kwa hiyo havituhusu. Na mtu akikwambia upanue kidogo mdomo wa tundu kabla ya kufunga, ili dawa ya kuziba ikae hapo kwa wingi wakati bolti inabana, muulize kama ni ndugu wa yule mzee.

Kuhusu usukani sina mengi. Chombo cha kuzama hakina usukani, kwa hiyo bawaba zake zinaweza kungoja. Kile kibati cha springi kinachouzuia usichomoke kidau kikipinduka ni kidogo, hupotea mchangani, na watu wengi hugundua kazi yake wakiwa ndani ya maji wakiuangalia usukani unavyokwenda zake.

Imebaki siku ya kushusha. Chagua bamvua, maji yajae mpaka kwenye mizizi ya mvinje, na baraza zima liwepo. Usijaribu vyuma nchi kavu kwa kuvivuta na kamba kwa nguvu zako zote, kwa sababu hapo ndipo vitakapong'oka na hutapata safari. Pandisha tanga jekundu, kaza demani, piga picha haraka. Chukua upo wa kufulia maji, na upo wa pili wa kumpa abiria. Chukua pia makasia, maana Mirror ilibuniwa iweze kupigwa kasia vizuri kabisa. Ila kabla hujaondoka vitikise vile vishikio viwili vya kasia vilivyoko ubavuni, kwani navyo ulivifunga kwa skrubu zile za orijino.